Tatu Nane na Moja

Mlango wa nyumba ya fundi funguo ulikuwa mbovu kuliko milango yote ya mtaa ule, na hata muuza gesi alilijua hilo. Hebu fikiria, mtu ametengeneza vitasa vya nusu ya mji, halafu kwake mwenyewe kuingia ni vita. Unaingiza ufunguo. Unauinua mlango kwa nyonga. Unausukuma kwa goti pale chini penye doa jeusi la magoti ya miaka yote. Ndipo unazungusha, polepole, kama unamtekenya mtu aliyelala na hutaki aamke. Ukikosea hatua moja, unaanza upya.

Watu walimcheka. "Fundi, kumbe mganga hajigangi kweli."

Mzee hainui hata kichwa kutoka kwenye jiliwa linalobana ufunguo anaouchonga. "Kinafungua. Anayekijua, kinamfungulia."

Dada Mkubwa akisikia hivyo anageukia mashine, anajifanya anapuliza vumbi la chuma. Alijua ni nani anayesemwa hapo. Na alijua ni kwa nini huyo mtu hayupo.

Mzee alikuwa na watoto wanane. Wa kwanza ni huyu Dada Mkubwa, wa mwisho ni Kitinda. Wale sita wa katikati tuwaache walipo, wana nyumba zao na kelele zao. Sasa katika nyumba ile, mtoto akikua mpaka mkono wake ukafikia kitasa, alipewa vitu viwili: ufunguo wa nyumbani, na kibati cha shaba cha kuning'inia kwenye ufunguo, kimegongwa namba yake. Na alipewa sheria moja: hakuna kugonga hodi. "Anayegonga ni mgeni," Mzee alisema. "Mtoto wangu anafungua." Hata kama ufunguo umeusahau shuleni, hugongi. Unakaa kwenye ngazi mpaka aje mwenye wake, na unakoma.

Namba zenyewe zilianza hivi. Mzee akiwa bado kijana alinunua chapa za kugongea namba kwenye chuma, za mkono wa pili, kwa mtu aliyekuwa anahama. Kufika nyumbani, kufungua boksi: sifuri imepinda, mbili imekatika shingo, saba imebaki mguu, nane imeliwa na kutu mpaka imekuwa yai. Nzima zilikuwa mbili tu, tatu na moja. Mwingine angetupa. Mzee alikuwa anapenda namba jinsi wenzake wanavyopenda mpira, akajiuliza, kwa tatu na moja peke yake naweza kuandika nini cha maana? Na kwake cha maana kilikuwa namba tasa, ile ambayo huwezi kuigawa ikagawanyika sawasawa, ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Namba nyingine zote zina mlango wa nyuma," alipenda kusema. "Hii haina. Ina ufunguo mmoja tu, nao ni yenyewe."

Dada Mkubwa alipozaliwa akagonga 31, akakitundika kibati ukutani kisubiri ufunguo. Tasa. Wa pili akapata 331. Tasa. Wa tatu, 3331. Tasa tena. Hapo Mzee akaanza kupata joto. Kila mtoto akija anaongeza tatu moja mbele, mwishoni ile moja inabaki palepale, na kila namba inagoma kugawanyika. Wa nne ikagoma. Wa tano ikagoma. Mama yao alikuwa akimwangalia akihangaika na mahesabu, anasema, "Ajabu hii. Kuzaa nizae mimi kila mwaka, tasa ziwe namba."

Lakini usidhani alikuwa anabahatisha. Kila namba alikaa nayo wiki, nyingine miezi, anagawanya kwa mkono nyuma ya mifuko ya karatasi: kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba, kwa kumi na tisa, anapanda hivyohivyo mpaka anajiridhisha. Namba ya mtoto wa saba, tatu saba na moja, ilimmalizia karatasi zote dukani. Nayo ikapita.

Ndipo akaja Kitinda.

Kipindi hicho mama alikuwa amelazwa, hajiwezi, na nyumbani kuna midomo saba inayosubiri sufuria moja. Mzee akapata nafasi ndogo tu, uji ukiwa jikoni. Akatumia njia yake ya mkato. Unakata namba vipande vya tarakimu tatutatu, kipande hiki unakitoa, kile unakijumlisha, na kinachobaki kikigoma kugawanyika kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu, basi namba nzima imezigomea hizo. Tatu nane na moja zikaulana zenyewe kwa zenyewe, ikabaki 331. Ikazigomea zote. Uji ukaanza kufurika. Mzee akasimama pale kwenye kumi na tatu, akajiambia, saba zimekubali, ya nane itakataa kwa lipi? Akachukua nyundo.

333333331.

Tarakimu tisa kwenye kibati kimoja, zimebanana kama wagonjwa kwenye benchi la kliniki. Kitinda alikipenda kile kibati, usiseme. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na namba yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Alikuwa anazunguka nacho shingoni. "Nyinyi wote mnaingia ndani yangu," anawaambia kaka zake. "Hebu hesabuni."

Mwaka ambao Kitinda alipewa ufunguo, Dada Mkubwa alikuwa chuo. Akarudi likizo. Na tuseme ukweli, alirudi na kitu moyoni. Tangu utoto alikuwa akitamani Mzee amwangalie japo mara moja jinsi anavyoangalia namba, ule uso unaolainika. Namba 31 haikuwa na kazi, mtu yeyote anaijua. Basi siku hiyo, mezani, chai imemiminwa na wote wapo, akasema, "Baba, kuna mahali ulisimama mapema."

"Nilisimama wapi?"

"Kwenye ya Kitinda. Kwa njia yako ya mkato uliishia kumi na tatu. Jaribu inayofuata."

Mzee akaweka kikombe. Akachana mfuko wa mkate, akatoa kalamu sikioni, akaanza kugawanya kwa kumi na saba. Unasikia kalamu tu. Akashuka, akashuka, mpaka mwisho ikabaki hamsini na moja. Na hamsini na moja ni kumi na saba mara tatu. Baki hakuna.

Ule uso ukalainika. Akanyoosha mkono juu ya vikombe akampa Dada Mkubwa, kama fundi anayempa mkono fundi mwenzake. "Mwanangu. Umeipata. Miaka yote hii nimekaa nayo ukutani, na wewe umeipata."

Dada Mkubwa alijisikia kama amekabidhiwa mji.

"Na mwenye namba je?" mama akauliza.

Ndipo wakamgeukia Kitinda. Alikuwa amekishika kile kibati kwa mikono miwili.

"Kitinda, unagawanyika, ndugu yangu," akasema kaka wa pili, na wenzake wakacheka.

"Kwa ngapi?" Kitinda akauliza.

"Kumi na saba."

Akafikiri. "Hiyo kumi na saba, yenyewe ni tasa?"

"Ni tasa," Mzee akajibu.

"Basi si mbaya. Naomba sukari."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee akampapasa kichwa, akasema, "Nitakutafutia nyingine, mwanangu. Kesho." Lakini unajua kesho za watu wazima. Na kuanzia jioni ile Kitinda akawa Kumi na Saba. Kumi na Saba njoo ule. Kumi na Saba zima taa. Jina ambalo chapa za Mzee hazikuweza hata kuliandika, maana saba ilikuwa imebaki mguu. Naye aliitika. Alikuwa mtoto wa kuitika.

Mama akafariki. Wale sita wakatawanyika. Dada Mkubwa akamaliza chuo, akaona kazi ya ofisini haimkai, akarudi dukani kwa Mzee, na mikono ya Mzee ilipoanza kutetemeka yeye ndiye akawa msemaji wa duka. Kitinda akawa chini yake, anajifunza. Alikuwa na mkono mwepesi. Alisikiliza kitasa kama daktari anavyosikiliza kifua. Lakini akili ilikuwa inaruka, na siku moja akachonga funguo za nyumba ya wageni, vyumba vyote, kwa kufuata mfano mmoja tu. Kila ufunguo ukawa unafungua chumba kilekile cha mwisho.

Mama mwenye nyumba ya wageni akaja amefura. "Mnajua nimeamkia nini? Mteja wangu, mtu mzima na heshima zake, ameingiliwa na wanaume wanne, kila mmoja na ufunguo wake, kila mmoja anamwambia atoke chumbani kwake."

Dada Mkubwa alitaka tu huyu mama acheke, aondoke na moyo mweupe. Ndiyo hivyo tu. Akasema, "Utusamehe, mama. Huyu ndiye Kumi na Saba wetu. Hata Mzee alimgonga harakaharaka."

Mama akacheka. Kweli akacheka, akajipiga paja. Kitinda naye akacheka. Halafu akafuta mikono kwenye kitambaa, akachomoa ufunguo wake mfukoni, akautenga na kibati, kibati akakilaza juu ya jiliwa, ufunguo akaurudisha mfukoni.

"Dada, nakuja. Nanunua vocha."

Dada Mkubwa alikiona kile kibati wakati wa kufunga duka. Simu ikawa haipatikani. Kwa kaka wa pili hayupo, kwa wa tatu hayupo. Baada ya muda zikaja habari za kuokoteza, kwamba yuko mbali, anafanya kazi ya vitasa kwenye majengo makubwa, hajambo. Mzee akakitundika kile kibati kwenye msumari ndani ya mlango, na tangu siku hiyo kitasa hakikuguswa. Kikazeeka, kikapinda, mlango ukalegea ukashuka. Kila mwanawe aliyekuja alimwambia, baba, badilisha hiki kitu. "Ameondoka na ufunguo," Mzee alijibu. "Mtu aliyeondoka na ufunguo hajahama."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mpaka mwaka ule Mzee alipoota mtoto wa jicho. Kaka wa pili akaja kumchukua ili akafanyiwe upasuaji na apumzike kwake kidogo. Dada Mkubwa akabaki peke yake.

Ikanyesha mvua. Anarudi na mfuko wa unga na mwavuli uliogeuka kama bakuli. Ufunguo, nyonga, goti, zungusha. Hamna. Ufunguo, nyonga, goti. Hamna. Unga unalowa, maji yanamshuka mgongoni, na yeye ni fundi, jamani, tena fundi mwenye bango. Kitu kikamkatika ndani. Akaenda dukani, akarudi na bisibisi, nyundo na kitasa kipya, na kabla mvua haijaisha kile cha zamani kilikuwa ndani ya pipa la vyuma chakavu nyuma ya duka. Akaunyanyua mlango kwenye bawaba zake, akaukaza. Ukafunga kama mtoto mwenye adabu. Akaufungua na kuufunga mara kadhaa kwa raha tu.

Kesho yake akachonga funguo mpya. Wa Mzee, wake, za wale sita. Akawapigia simu wote: ufunguo mpya uko kwangu, pitieni. Mkono wake, kwa mazoea ya hesabu ya nyumba ile, ukafika kwenye ndoano ukachukua ufunguo mwingine ambao haujachongwa. Akaushika kidogo. Akasema moyoni, huyo akija tutamchongea. Akaurudisha kwenye ndoano.

Zikapita siku kidogo. Alasiri moja yuko jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakanda unga, mikono mpaka kwenye viwiko ni nyeupe. Akasikia chuma kinakwaruza mlangoni. Ufunguo. Akatega sikio. Mwenye nyumba anafungua, ndiyo sheria, kwa hiyo hakuinuka, alisubiri tu kitasa kizunguke. Hakikuzunguka. Ukakwaruza tena, chini kidogo, kwa papara. Akafikiri ni kaka wa tatu, yule msahaulifu, amekuja na ule wa zamani, atapiga simu sasa hivi. Akaitupia jicho simu pale juu ya ndoo. Simu kimya. Halafu mlango ukatoa mlio mmoja mzito, puu, kama kitu kimeuegemea. Basi. Hodi haikugongwa, kwa hiyo si mgeni. Mlango haukufunguliwa, kwa hiyo si wa nyumbani. Akahesabu hivyo, harakaharaka, akaendelea kukanda.

Asubuhi yake yuko nje anafagia, mshona nguo aliyehamia nyumba ya mbele karibuni akamwita kutoka kwenye cherehani yake. "Jirani, jana mgeni wako ulimkataa au hukuwepo?"

"Mgeni gani?"

"Yule kijana mwenye begi. Na katoto."

"Mimi nilikuwepo ndani. Hakuna aliyegonga."

"Si ndiyo nashangaa. Hakugonga. Alitoa ufunguo." Mshona nguo akauma uzi, akautema. "Kale katoto kanataka kufungua kenyewe, kasichana, kabishi hako. Akakainua, kakaingiza ufunguo. Haugeuki. Akakashusha akajaribu mwenyewe. Akaupiga mlango nyonga, hivi, na goti hapo chini."

Ufagio ukasimama.

"Nikamwambia, kaka, gonga, watu wapo, mimi nasikia redio. Akasema, 'Hapa huwa hatugongi, mama.' Akakiangalia hicho kitasa, kinavyong'aa hicho. Akakishika hivi kwa kidole. Akaniambia, 'Kimefungwa vizuri. Huyu fundi anajua.' Halafu akambeba mtoto wakaondoka. Kwani ni nani?"

Dada Mkubwa alikuwa ameshaanza kutembea, ufagio mkononi. Kwenye kona akakumbuka kuutupa. Stendi, waliofika asubuhi hawakumwona. Dukani kwa vocha hawakumwona. Ndipo akili ikamtuma nyumba ya wageni.

Yule mama alikuwa anaanua mashuka. "Walilala hapa," akasema. "Chumba cha mwisho. Wameondoka na gari la alfajiri. Mimi sikumjua kwanza, mpaka aliponiuliza kama siku hizi kila mtu anaingia chumbani kwake." Akatabasamu, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Amenitengenezea kitasa cha bafuni. Sikumwomba. Kilikuwa kinanisumbua tangu mwaka jana."

"Aliacha namba? Ujumbe wowote?"

"Hakuacha. Katoto ndiko kalikuwa kanauliza usiku kucha, baba, mbona ufunguo wetu umeharibika. Akakaambia haujaharibika, ni mzima."

"Akasema nini kingine?"

"Kingine hakusema. Kaa basi unywe maji."

Hakukaa. Alirudi nyumbani, akafungua mlango kwa ule ufunguo mpya, ukafunguka kwa kidole kimoja. Na wepesi ule ndio uliomtoa machozi.

Kuna kitu alichokijua yeye peke yake mtaa mzima. Angekuwa ni mtu wa familia nyingine, mlango mgumu ni mlango mgumu, unagonga, unaita, unarusha jiwe dirishani. Lakini Kitinda alilelewa na fundi funguo. Kwa mtoto wa fundi funguo, kitasa kubadilishwa ni maneno. Na yeye ndiye aliyeyasema, kwa bisibisi, bila kufungua mdomo. Kama alivyoyasema mwanzo mezani. Kama alivyoyasema dukani. Mara zote tatu alikuwa sahihi, au alikuwa anachekesha tu, au alikuwa amelowa. Sababu zilikuwepo. Zilipangana vizuri kabisa, tatu, tatu, tatu.

Mzee alirudi bila kutoa taarifa, ndiyo kawaida yake. Dada Mkubwa alikuwa jikoni tena aliposikia kukwaruza. Safari hii aliruka, akajigonga kidole cha mguu kwenye kigoda, akafika mlangoni anachechemea, akauvuta.

Mzee alikuwa ameinama, miwani myeusi usoni, ufunguo wa zamani mkononi, pua karibu na kitasa.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Mbona kitasa changu kimezikwa?"

Akamsaidia kuingia, akamkalisha, akamweleza. Alitaka kuanzia kwenye mvua, akaona mvua haina kazi hapa. Akasema, "Kitinda alikuja. Nilikuwa nimebadilisha kitasa. Nilikuwa ndani, nilimsikia, sikufungua." Halafu akamwambia habari za katoto.

Mzee akavua miwani. Macho yalikuwa mapya, yana maji. "Kasichana au kavulana?"

"Kasichana."

"Kanafikia kitasa?"

"Alikainua."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika kitu. Dada Mkubwa alisubiri atukanwe, angefurahi kutukanwa. Mzee akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua, akaufunga, akaukagua juu na chini.

"Kazi nzuri," akasema. "Bawaba nazo umezikaza. Mimi nisingekaza hivi." Na hilo likawa zito kuliko tusi lolote. "Changu kiko wapi?"

"Pipani."

Wakaenda wote wawili nyuma ya duka, wakainamia pipa. Mzee ndiye aliyekiona kwanza, kwa yale macho yake, kimelala chini ya makufuli yaliyokufa. Wakakirudisha. Yeye anashika, binti anakaza. Wakazilegeza bawaba ili mlango ushuke tena palepale ulipokuwa, na kusema kweli kuuharibu mlango ule kwa ustadi kuliwachukua muda kuliko kuutengeneza. Mshona nguo alikuwa anawatazama, cherehani imesimama, haamini.

Walipomaliza, Mzee akakitungua kile kibati msumarini. Akakileta karibu na macho. Kwa miaka ya karibuni alikuwa akikiona kwa ukungu.

"Nilikigonga vibaya," akasema. "Hii tatu imelala. Na hii hapa imeingia nusu. Angalia. Uji ulikuwa unafurika."

"Baba, ulisema utamtafutia nyingine."

"Nilisema kesho."

"Uliwahi kutafuta?"

"Nilikuwa nataka yenye tatu nane. Nilikuwa nataka ifuatane na zenu." Akakigeuza kibati. "Nilitafuta kubwa."

Dada Mkubwa akachomoa ufunguo wake mfukoni, akamwekea Mzee kibati chake kiganjani, 31, kimesuguka mpaka tarakimu zinakaribia kufutika. "Ianzie huku," akasema, akaelekeza kidole upande wa moja.

Mzee akasoma. "Kumi na tatu."

"Tasa. Na chapa zako zinaiandika."

Mzee akaipitishia kidole ile namba. Kumi na tatu. Namba aliyokuwa ameishikilia mkononi siku ile ya uji, aliyosimama juu yake kabisa akimgawanya mwanawe. "Ilikuwa hapa," akasema. "Hata karatasi isingehitajika. Wa kwanza na wa mwisho, mngeshikana huku na huku."

"Ningeweza kuisema siku ileile, mezani," Dada Mkubwa akasema. "Niliijua. Nani asiyeijua kumi na tatu? Lakini ulikuwa umenipa mkono."

Akaenda kwenye benchi, akafunga kipande cha shaba kwenye jiliwa, akachukua ile chapa ya moja, nyundo, pigo moja. Ya tatu, pigo moja. Hakufanya haraka. Akatoboa tundu. Kisha akaushusha ule ufunguo aliokuwa ameurudisha kwenye ndoano, akauchonga kwa kitasa cha zamani, mdogo kidogo, mwembamba, wa kushikwa na vidole vidogo, akauning'iniza pamoja na kibati kwenye msumari ndani ya mlango. Hakukuwa na anwani ya kuutuma. Alimtumia kila ndugu ujumbe: mkimpata, mwambieni kitasa ni kilekile. Kitinda mwenyewe akamtumia kwenye namba yake ya zamani; mpaka leo alama ni moja tu, ujumbe umetoka, haujafika.

Nyumba ile sasa inaingika kwa vita kama zamani, nyonga na goti. Ila kuna jambo moja limebadilika, na mtaa mzima umeliona. Ukiugusa tu ule mlango, unafunguliwa. Muuza gesi anasema siku hizi pale hana haja ya kuita, begani mtungi bado haujashuka Dada Mkubwa ameshatokea, anakuangalia nyuma ya mgongo wako, anaangalia chini kimo cha mtoto, ndipo anakuona wewe. Paka wamefunguliwa. Wanaouza sabuni wamefunguliwa. Mtu aliyekuwa anaegemea kufunga kamba ya kiatu naye alifunguliwa, akaomba radhi.

Juzi walikuwa wanakula, mlango ukatoa ule mlio wake, puu. Dada Mkubwa akaweka kijiko.

"Kaa ule, mama," Mzee akamwambia. "Ni upepo."

"Najua ni upepo, baba."

Akaenda kufungua.